Minza, Mausi Shika Mwenyewe

Mwanangu Minza,

Najua umecheka kwenye neno la kwanza. Umenizidi mwaka na kitu, na wewe ndiye uliyenishikia baiskeli nilipokuwa najifunza kuendesha kule Kasokola, ukaiachia kabla sijawa tayari. Lakini baba yako ni kaka yangu wa kwanza na mimi ni wa mwisho kwa bibi yako, kwa hiyo ukoo umetupanga hivi na hakuna aliyetuuliza. Wanasema nilipozaliwa ulikuwa umeshaanza kutembea, na wageni waliokuja kumwona mama walikushika mkono wakakuleta mpaka kitandani: "Haya, msalimie baba yako." Ukanipiga kofi. Sikumbuki, ila shangazi Holo hachoki kulisimulia.

Barua hii ni yale niliyotakiwa kuyasema leo mchana, kwenye chakula cha kukuaga uende chuoni Tabora. Ulikuwepo, lakini nitayaandika kama nilivyoyaona mimi, maana pale ulipokaa usingeweza kuuona uso wangu. Tulikuwa tumeshanawa, sahani ziko katikati, simu ya baba yako ikaingia kutoka huko aliko na ng'ombe. Shangazi Holo akaiweka sauti kubwa, akaiegemeza kwenye jagi. Kaka akasema, "Mimi siwezi kufika, mnauona wenyewe msimu ulivyo. Lakini Shija si yupo? Shija ni baba yake huyo mtoto. Atasema yeye." Mtandao ukakata. Watu wote wakanigeukia, na mimi nina tonge mkononi.

Nilisimama. Maneno nilikuwa nayo, niliyapanga tangu asubuhi nikiwa nafagia duka. Nikasema, "Safari njema," nikakaa.

"Imeisha?" akauliza shangazi Holo.

"Imeisha."

"Jamani! Hata kondakta wa basi angetuongezea mawili matatu."

"Mwacheni," bibi yako akasema. "Baba mwenyewe ndevu bado ziko njiani zinakuja."

Nyie wote mkacheka, na wewe ukaitikia kwa sauti, "Amina, baba," kama vile nilikuwa nimeomba dua ndefu. Kicheko kikaniacha, kikaenda kwako, nami nikaweza kumeza lile tonge. Nilitaka nikushukuru palepale. Neno hilo nalo halikutoka.

Sasa niko dukani, hapa Kashaulili. Fundi Deo ameniachia funguo za stesheneri, ameniambia nikimaliza nizime mashine ya fotokopi, maana tangu nianze kazi kwake anadai naacha vitu vikiwaka kama mtu anayengoja wageni. Nje bado kuna mwanga na wauza nyanya hawajafunga. Naandika kwa ukubwa wa herufi uliouchagua wewe, kwa hiyo nikishaiprinti barua itakuwa nene. Usidhani ni hekima nyingi. Ni herufi. Nimeona niiweke kwenye karatasi badala ya kukuwekea ndani ya laptopu, kwa sababu siku laptopu ikikataa kukuonyesha chochote, barua iliyoko humo ndani haitakufaa.

Mambo ya chandarua, ya kufuli la sanduku, ya kutokubali chakula cha mtu usiyemjua kwenye treni, bibi yako ameshayamaliza, na shangazi Holo ameongeza ya wanaume. Siyarudii. Mimi nimekuwa baba kwenye vitu viwili tu, macho yako na ile laptopu, na kote huko nimekosea zaidi ya nilivyopatia. Nitabaki humo.

Surua ilikupitia ukiwa mdogo, ikaacha makovu kwenye vioo vya macho. Daktari alisema miwani itakupa nusu, nusu nyingine utaitafuta kwa kusogea karibu na kwa herufi kubwa. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Sisi nyumbani ndio tuliligeuza likawa siri. Hakuna aliyekaa akaamua. Ilitokea tu kwamba hakuna aliyelitaja, na kila siku ambayo hakuna aliyelitaja ikafanya kulitaja kesho yake kuwe kugumu zaidi.

Hapa kwetu mtu asiposalimia ana kasoro moja tu: anaringa. Hakuna anayefikiria macho. Mama Neema alitembea kutoka mwisho wa Majengo mpaka kwetu kumwambia bibi yako, "Mjukuu wako ananipita kama mimi ni nguzo ya umeme. Kama tumewakosea, tuambieni." Ukaitwa ukaombe radhi. Ukaomba, ukapiga goti, hukusema kwamba hukumwona. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nami sikusema.

Baada ya hapo tukabuni ule utaratibu wetu. Mimi natembea kulia kwako, nusu hatua nyuma, nanong'ona, "Mzee wa cherehani, kushoto." Wewe unapaza sauti, "Shikamoo, babu!" Watu wakaanza kusema Minza ametulia siku hizi. Wakanisifu na mimi kwamba nakusindikiza vizuri. Ukweli ni kwamba kusalimia mtu barabarani kulikuwa kunanishinda mimi mwenyewe, na ukishasalimia wewe hakuna anayegundua kwamba mimi nimekaa kimya. Kwa hiyo unapowaza kwamba nilikuwa nakusaidia, punguza kidogo.

Halafu ikaja laptopu. Baba yako aliipata kwa mtu kule Mwanza, imetumika lakini nzima, na kioo chake ni kidogo chenye nukta nyingi sana, zimebanana. Kwa mtu mwenye macho mazima kioo cha namna hiyo ni raha. Kwako herufi zilikuwa kama mbegu za mchicha zilizomwagika. Fundi Deo akatoa mfumo uliokuwemo, ulikuwa unakokota, akaweka Linux. "Hii itakimbia," akasema. "Haya mengine ni macho ya mtoto wako, bwana. Kazi yako hiyo."

Nikaifanya kazi yangu. Kosa la kwanza nilidhani ni ujanja. Niliiambia laptopu ioneshe nukta chache kuliko ilizonazo, ili kila kitu kinenepe. Kikanenepa kweli, ila kingo za herufi zikavimba na kufifia, kama gazeti lililomwagikiwa chai. Nikarudi nyuma kwenye kiti changu, nikatazama, nikasema, "Safi." Kisha nikakuuliza, "Unaona?" Ukasema, "Naona."

Ukaitumia hivyo muda mrefu. Kichwa kikaanza kukuuma kila jioni, bibi yako akakupeleka kupima malaria, kipimo kikasema hamna, akakupeleka tena kwa sababu hakukiamini kipimo. Kuna siku nilikuja kuchukua mkasi, nikakukuta unasoma ukiwa umefumba jicho moja na kiganja kimefunika nusu ya kioo ili mwanga upungue. Nikakuuliza kwa nini hukusema kwamba herufi zina ukungu.

"Si ulishasema safi?"

Hukulisema kwa hasira. Ulikuwa unanikumbusha tu. Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitu kingine chochote nilichoambiwa mwaka huu. Nilikuwa nimekaa mbali, na macho yangu, nikaipima laptopu yako, nikaipasisha. Kukuuliza nilikuuliza, ndiyo, ila nilikuuliza baada ya kutoa jibu.

Nikaanza upya. Kwenye mipangilio ya kioo kuna sehemu ya kukuza kila kitu mara mbili kwa mpigo. Nikabonyeza. Kila kitu kikawa kikubwa, pamoja na lile dirisha la mipangilio lenyewe, mpaka sehemu yake ya chini ikatoka nje ya kioo. Kitufe cha kurudisha kilikuwa huko chini, kusikoonekana. Yaani mlango upo, ila umeangukia nje ya nyumba. Nikazima nikawasha, hali ileile. Nikazima tena. Fundi Deo alikuwa amekaa karibu yangu kiasi cha kunisikia nikihema, na ningemwuliza angenijibu kabla sijamaliza swali. Sikumwuliza. Niligeuza laptopu kidogo ili asione, nikajifanya nachapa barua ya mteja. Ikapita asubuhi nzima.

Mwisho akaja mwenyewe nyuma yangu, amebeba chapati. "Shija, huo mchezo gani, wa tembo?"

"Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia nini, na kitufe kiko Sumbawanga? Shika Alt, usiiachie. Sasa bonyeza popote kwenye dirisha, livute juu."

Likapanda. Kitufe kikatokea.

"Umekaa na hili tangu saa ngapi?"

Nikamwambia tangu anafungua duka. Hakunicheka. Akaimega chapati, akanipa nusu, akasema, "Ungeniuliza tungekuwa tumeshasahau."

Kosa la tatu lilikuwa la pupa. Nikaenda kwenye herufi peke yake, nikaongeza ukubwa. Madirisha yakatii. Lakini ule ukanda wa chini, wenye saa na betri na jina la mtandao, una unene wake wenyewe unaopangwa mahali pengine, na mimi sikujua. Herufi zikakua ndani ya ukanda usiokua. Saa ikabaki viuno tu, haina vichwa wala miguu, tatu na nane huwezi kuzitofautisha. Nikaona basi herufi hazijatosha, nikaongeza tena. Zikakatika zaidi. Nikarudi kwenye kukuza mara mbili, nikasahau kwamba zile nukta bado nilikuwa nimezipunguza. Laptopu ikawa kama mgonjwa aliyepewa dawa na majirani watatu, kila mmoja hajui mwenzake ametoa nini. Ilibidi nirudishe vyote nilipovikuta, kimoja kimoja, ndipo nikaona kwamba tatizo lilikuwa dogo sana: unene wa ukanda. Siku hizi nikigusa kitu kisifae, nakirudisha kwanza kabla sijagusa kingine. Nakiri inachosha. Ila usipofanya hivyo, mwishowe hujui unapambana na ugonjwa au na dawa zako mwenyewe.

Na ile siku niliyobadilisha maneno yote yawe ya Kiswahili unaikumbuka. Nilidhani nakurahisishia. Nusu ya maneno yakabadilika, nusu yakakataa, na yale ya Kiswahili yalikuwa marefu mno, yakakatwa katikati. Ukaniambia, "Bamdogo, rudisha Kiingereza. Hicho nimeshakizoea kunitesa." Mimi na wewe tumesoma kwa lugha mbili, moja ya kuelewa na nyingine ya kufanyia mitihani, na nilikuwa najaribu kukuhamishia kila kitu upande wa kuelewa. Sikukuuliza kama unataka kuhama.

Sasa nifike kwenye ile siku ya wiki iliyopita, ambayo hatujaizungumzia tangu itokee.

Ulisikia kwamba chuoni wanafunzi wanaunganisha laptopu kwenye projekta na kusimama mbele ya wenzao. Ukaja dukani tujaribu kwa kioo kikubwa cha Fundi Deo. Tulipochomeka waya, ukanda wako ukahamia kwenye kile kioo kikubwa. Tulipochomoa, ukanda haukurudi, na vilivyobaki vyote vikasinyaa vikawa mbegu za mchicha tena. Ukainama kutafuta. Ukainama zaidi. Kulikuwa na vijana wanangoja kuprinti barua za kuomba kazi, mmoja akasema, "Dada, unasoma au unanusa?" Wenzake wakacheka.

Ukaifunga laptopu polepole. Ukasema, "Basi. Tabora siendi."

Watu wengine wakisema hivyo wanataka wabembelezwe. Wewe ulisema kama mtu anayetoa taarifa. Na mimi nikaona jinsi itakavyokuwa: utarudi nyumbani, utaziacha zile kazi za masijala ulizokuwa unazitaka, kutunza kumbukumbu za watu na kujua kila faili liko wapi, na hakuna atakayejua sababu, kwa sababu sisi kwetu sababu hatuitaji. Watasema Minza anaringa hata kusoma.

Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikaifungua laptopu, nikapeleka mkono kwenye mausi.

Mkono wako ukatangulia. "Toa mkono, bamdogo."

"Naitengeneza mara moja tu, sasa hivi—"

"Na Tabora utakuwa unakuja kila mara moja?"

Nikautoa mkono. Ukaanza. Yule kijana hakuwa amemaliza, akakuuliza kama bado inanukia, nawe ukamjibu bila kugeuka, "Inanukia, ila wewe sogea mbali, harufu zinachanganyika." Hata Fundi Deo alikohoa.

Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa bila kufanya kitu. Uliingia mahali ambapo si penyewe, nikaona kabisa kwamba si penyewe, na kidole changu kikawa kinawasha. Ukatoka, ukaingia palepale tena. Nikaondoka nikasimama nje, nikatazama bodaboda zinavyogombea abiria. Fundi Deo akanifuata. "Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

"Afadhali," akasema, akarudi ndani.

Niliporudi, vijana walikuwa wamekwenda na wewe ulikuwa umemaliza. Ukanda ulikuwa juu ya kioo na si chini tena. Ulikuwa mnene kupita kiasi, mweusi, na maandishi ya njano. Ulikuwa umeondoa karibu picha zote ndogo nilizokupangia kwa ustadi. Mimi niliona pabaya, nakwambia ukweli. Pamekaa kama kibao cha gereji. Ukaniuliza, "Pazuri?"

Neno nililokuwa nalo mdomoni nikalimeza. Nikasema, "Mimi sijui. Unaona?"

Ukaegemea kiti. Ukasoma saa. Ukasoma kiasi cha betri. Ukasoma jina la mtandao wa duka, ambalo Fundi Deo aliliandika kwa utani na sitaliandika hapa. Mgongo wako ulikuwa umenyooka. Nimekujua maisha yangu yote na sikuwahi kukuona ukisoma kitu huku mgongo umenyooka.

Nikakuuliza kwa nini umeupandisha juu. Ukasema ukiinama kutazama chini miwani inateleza. Miezi yote ile nilikuwa napanga ukanda wa chini, na mtu mwenye miwani alikuwa hataki uwe chini. Ilikuwa ni swali moja tu.

Kuhusu Tabora hukusema tena. Jioni nikakuona umelishusha sanduku, na nikajua.

Kisha kukawa na lile la baba yako. Alitaka nisafiri nawe, nifike chuoni, nikae na walimu niwaeleze kama baba. Ni haki yake kutaka hivyo, ndivyo inavyofanyika, mtoto anapelekwa na mtu mzima akakabidhiwe. Ulikuwa unaanika nguo nilipokuambia. Ukasema, "Usije."

"Kwa nini?"

"Ukija utaongea wewe."

"Mimi? Niongee mimi?"

"Utaninong'oneza, na mimi nitaongea uliyoninong'oneza. Itakuwa nimefika Tabora bila kufika."

Nikampigia kaka nikamwambia siendi. Sikumpa sababu yako, nilimwambia duka lina kazi. Shangazi Holo anasema naogopa walimu, na hajakosea. Nilipopata ruhusa ya kutokwenda, nilifurahi. Sijui kiasi gani cha kubaki kwangu ni heshima kwako na kiasi gani ni woga wangu. Nimejaribu kuvitenganisha tangu juzi, havitengani. Nimeona nikuandikie hivyohivyo kuliko kukupa ile sehemu nzuri peke yake.

Halafu ukaongeza, huku umeshika kibanio kwa meno, kwamba huko hutamwambia mtu. Ukasema laptopu inatosha.

Hapo ndipo nilipotaka kusema mchana wa leo, nikaishia safari njema.

Laptopu haitoshi, Minza. Nimeihangaikia kwa hiyo najua inapoishia. Haitakusomea ubao. Haitakusomea matangazo yaliyobandikwa juu ukutani, wala haitakwambia anayekuja mbele ni mwalimu wako au mpishi. Na siku projekta itakapokuchanganya, darasa zima litakuwa linatazama, na mtu mmoja atauliza kama unanusa. Kila chumba kina mmoja wa namna hiyo.

Siwezi kukuamuru useme. Mimi mwenyewe nilikaa asubuhi nzima karibu na mtu mwenye jibu, nimegeuza laptopu asione. Ninachojua ni kile nilichokiona siku ile. Nilikuwa naogopa kwamba nikiuliza Fundi Deo ataona sijui. Kumbe alishaona tangu asubuhi. Alichokuwa hajui ni kama nataka msaada. Nadhani na walimu watakuwa hivyo, wataona unavyoinama siku ya kwanza, na watajipa sababu zao wenyewe. Watasema amelala vibaya, au hajiamini, au anaringa. Ukisema "Sioni kutoka hapa, naomba nikae mbele," unakuwa umewanyang'anya nafasi ya kubuni. Ni maneno machache. Nimeyasema peke yangu hapa dukani nione yanavyokaa mdomoni, na hata mimi nimeweza, japokuwa aliyenisikia ni mashine ya fotokopi.

Uliseme siku gani, kwa nani, sijui. Uamuzi huo ni wako na macho ni yako. Nimekwambia ninachokiona kutoka kwenye kiti changu, na unajua kiti changu kiko mbali.

Nje taa zimeshawaka. Kimebaki kitu kimoja, na hiki ndicho kilichonifanya nikae kuandika badala ya kujaribu tena kusema.

Siku ya kwanza kabisa niliiwekea laptopu yako akaunti mbili, yako na yangu. Yangu ndiyo niliyoipa mamlaka. Ndiyo maana ukitaka kuongeza programu, au kubadilisha kitu kikubwa, ilikuwa inadai paswedi usiyokuwa nayo, na unaniita, na mimi naacha ninachofanya nakuja. Nilijiambia ni usalama wako. Nilipenda kuitwa, hilo sikujiambia.

Leo alasiri, wewe ukiwa unasukwa, nimeingia nikaipa akaunti yako mamlaka yote. Paswedi yako sasa inafungua kila mahali, na hakuna kitu humo kinachonihitaji. Kisha nikaenda kufuta akaunti yangu. Niliweka mshale juu ya kitufe. Nikauondoa. Ningeifuta kimyakimya ningekuwa nimerudia palepale, nimekaa kwenye kiti changu, nimetazama kwa macho yangu, nimesema safi.

Kwa hiyo ipo. Utaikuta kwenye orodha ya watumiaji, chini ya jina lako, nimeiandika Baba. Ikikaa haikudhuru, nami sitaingia bila kuitwa. Ukitaka iondoke, ichague, halafu bonyeza kufuta. Mashine itakuuliza kama una uhakika. Nimeliangalia dirisha hilo kwa ukubwa wako wa herufi: swali linasomeka lote, na vitufe vyote viwili vimo ndani ya kioo.

Jibu wewe.

Baba yako mdogo,
Shija